Ahadi za Sala na Kipimo cha Imani

Wazee wetu walisema, Ahadi ni deni. Mtu akitoa neno lake mbele ya wenziwe, neno lile lamfunga kama mdeni afungwavyo na deni lake, wala hana heshima kijijini mpaka alilipe. Kwa mithali hii twawapima jirani zetu na wakubwa wetu. Wala si ajabu kwamba wako Wakristo wengi ambao, katika siri ya mioyo yao, wampima Mungu nayo. Kwa maana Bwana wetu ametoa ahadi kubwa sana juu ya sala. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 7, awaagiza wanafunzi wake waombe, watafute, wabishe hodi, naye awaahidi ya kwamba hawatarudi mikono mitupu. Katika Injili ya Marko, sura ya 11, asema juu ya mlima unaoamriwa kujitupa baharini, nao ukatii, kwa kuwa mwenye kuuamuru hakuwa na shaka moyoni. Hakuna mfalme wala tajiri aliyewahi kuahidi mambo makubwa kama haya.

Lakini yako makaburi katika kila kijiji chetu, na mengi ni mafupi. Yapo nyuma ya nyumba na chini ya miembe, na watoto waliolazwa humo waliombewa usiku kucha. Hakuna Mkristo mwenye umri ambaye hajapata kuomba jambo kwa machozi na kwa kufunga, asilipate. Basi, deni hili limelipwaje? Hili ndilo swali tutakalo kuliangalia hapa, nasi twaliangalia kwa kicho, kwa kuwa si swali la darasani tu. Wako walioliacha kanisa kwa ajili yake. Na wako wengine waliobaki kanisani, nalo likiwala kwa ndani kama mchwa alavyo nguzo ya nyumba: kwa nje nzima, kwa ndani tupu.

Liko jibu moja jepesi, nalo lasikika mara nyingi sana. Ni hili: Mungu hakuvunja ahadi, bali wewe mwombaji imani yako haikutosha. Wanaolisema hutaka kuitunza heshima ya Mungu, na nia hiyo si mbaya. Jibu lenyewe lina sura ya utauwa. Walakini natulitazame linavyofanya kazi kwa watu. Mama amemzika mwanawe Jumatatu. Jumatano aja mtu kumpa pole, akaketi mkekani, akasema ya kuwa kama angalisadiki kwa moyo wote, mtoto angaliishi. Mtu yule hakuleta faraja. Amemwambia mama kwamba ndiye aliyemwua mtoto wake mwenyewe. Na tangu siku ile mama atajichunguza kila usiku, akikumbuka saa ile alipoogopa, na saa ile alipoanza kumfikiria fundi wa jeneza, akadhani ya kuwa hapo ndipo alipompoteza mwanawe. Wala hana njia ya kujitetea, kwani ni nani duniani aliyeketi kando ya kitanda cha mtoto aliye katika kufa, asiogope hata kidogo?

Basi yatupasa kuuliza kama neno hili ni la kweli. Likiwa la kweli, hatuna budi kulivumilia, hata likiwa chungu. Likiwa si la kweli, ni ushuhuda wa uongo juu ya jirani yetu, tena ni ushuhuda wa uongo juu ya Mungu. Na amri za Mungu zatukataza ushuhuda wa namna hiyo. Twende katika Maandiko wenyewe, tusome taratibu.

Katika sura ya 12 ya Matendo ya Mitume twasoma habari za Herode Agripa, aliyekufa mwaka 44 baada ya Kristo. Mfalme huyu alimkamata Yakobo, ndugu yake Yohana, akamwua kwa upanga. Alipoona jambo lile limewapendeza watu, akamkamata na Petro, akamtia gerezani chini ya ulinzi wa askari. Kanisa likamwombea Petro kwa bidii. Usiku ule malaika akamtoa, minyororo ikamwanguka mikononi, naye akaenda mpaka nyumba ya Mariamu, mama yake Marko, walimokuwamo watu wengi wakisali. Akabisha mlango. Kijakazi aitwaye Roda akaitambua sauti yake, akarudi mbio kuwapa habari. Nao walimjibuje? Wakamwambia ana wazimu. Alipozidi kushikilia neno lake, wakasema labda ni malaika wa Petro. Petro mwenyewe alikuwa angali nje, akibisha.

Natuyashike mambo mawili katika habari hii. La kwanza: watu wale walikuwa wakiomba, na jibu la sala yao lilikuwa limesimama mlangoni, nao hawakusadiki. Kama Mungu angalipima imani yao katika mizani kabla ya kuwajibu, Petro angaliuawa asubuhi. Jibu lilikuja kabla imani yao haijawa tayari kulipokea. La pili: katika siku zile zile, kwa mfalme yule yule, mtume mmoja alitolewa na mtume mwingine alikatwa kichwa. Luka hakuandika kwamba walimwombea Yakobo. Lakini ni nani atakayethubutu kusema kwamba kanisa lile, lililomwombea Petro usiku kucha, lilimwacha Yakobo aende kuuawa pasipo sala? Au ni nani atakayesema kwamba Yakobo, aliyekuwapo pamoja na Bwana mlimani alipogeuka sura, alikosa imani kuliko Petro, aliyemkana mara tatu? Hayupo. Basi kipimo cha imani hakiwezi kutueleza kwa nini mmoja aliishi na mwingine akafa. Luka mwenyewe hakujaribu kueleza. Aliandika yote mawili, kimoja baada ya kingine, akanyamaza.

Tena natuangalie chembe ya haradali. Bwana aliposema juu ya imani ihamishayo milima, alichagua mbegu ndogo ambayo mtu aweza kuipoteza katika mikunjo ya kiganja chake. Ni ajabu basi kwamba watu huyachukua maneno yale ya kuwatia moyo wenye imani ndogo, wakayageuza kuwa fimbo ya kuwapigia. Na neno lile lilinenwa lini, na kwa nani? Katika sura ya 17 ya Mathayo, na sura ya 9 ya Marko, baba mmoja alimleta mwanawe mwenye kifafa kwa wanafunzi, nao hawakuweza kumponya. Bwana aliposhuka mlimani alimponya. Wanafunzi wakamwendea kwa faragha, wakamwuliza sababu ya kushindwa kwao, ndipo akawaambia juu ya uhaba wa imani. Lawama ile iliwaangukia wao, waombeaji. Haikumwangukia kijana, wala baba yake. Na huyo baba alikuwa amekwisha kukiri mbele ya watu wote kwamba imani yake imechanganyika na kutosadiki, akaomba asaidiwe hata katika hilo. Naye hakufukuzwa, bali alirudi nyumbani na mtoto mzima. Basi mtu akimwombea mgonjwa, na mgonjwa asipone, kisha akataka kutafuta ni nani aliyepungukiwa na imani, Injili yamwelekeza ajitazame yeye kwanza.

Msomaji mwangalifu atatujibu. Atasema, je, haikuandikwa kwamba huko Nazareti Bwana hakufanya miujiza mingi, kwa sababu ya kutoamini kwao? Na Mtume Yakobo katika waraka wake, je, hakusema kwamba mwenye shaka asitazamie kupokea kitu kwa Bwana? Ndiyo, imeandikwa, nasi hatutaki kuficha andiko lo lote. Lakini watu wa Nazareti hawakuja kwa Yesu wakitetemeka, hawakuja kabisa. Walimdharau kwa kuwa walimjua tangu utoto, wakasema huyu ni seremala tu. Na yule ambaye Yakobo amsema ni mtu wa nia mbili, aombaye hekima kwa Mungu huku moyo wake umekwisha kutafuta njia nyingine. Kutosadiki kwa namna hii ni kumpa Mungu mgongo. Hofu ya mama aliyepiga magoti kando ya kitanda ni jambo lingine kabisa. Yeye ameelekea kwa Mungu, na machozi yake yaanguka miguuni pa Mungu. Mwenye kumwendea Bwana akiogopa, amemwendea.

Imani, basi, ni nini? Wengi huidhani kuwa kama fedha: mwenye shilingi nyingi hununua kitu kikubwa, mwenye chache hununua kidogo, na asiye na kitu hurudi bure. Kama ndivyo ilivyo, sala ni biashara, na Mungu ni mwenye duka. Lakini fikirini abiria wawili katika jahazi. Mmoja amezoea bahari, alala usingizi. Mwingine hajapata kusafiri, ashika ubavu wa chombo kwa mikono miwili na kutapika njia nzima. Chombo kikiwa kizima na nahodha akiwa hodari, wote wawili watafika bandarini saa moja. Na chombo kikiwa kibovu, ushujaa wa yule wa kwanza hautaziba tundu hata moja. Imani ni kupanda chombo. Uzima wa safari u katika chombo na katika nahodha. Kwa sababu hii, katika sura ile ya 11 ya Marko, kabla ya kunena habari za mlima, Bwana aliwaagiza wanafunzi wawe na imani kwa Mungu. Hakuwaambia wawe na imani kwa imani yao.

Sasa turudi kwenye ahadi yenyewe. Katika sura ile ya 7 ya Mathayo, Bwana aliifafanua kwa mfano wa baba na mtoto. Mtoto aombaye mkate hapewi jiwe, na aombaye samaki hapewi nyoka. Sisi tunayo mithali isemayo, Mtoto akililia wembe, mpe. Wazee waliisema kwa ajili ya mkaidi asiyesikia maonyo, ili ajifunze kwa damu yake mwenyewe. Na katika Maandiko yako mambo ya namna hiyo. Katika sura ya 11 ya Hesabu, Waisraeli waliidharau mana, wakalilia nyama; Mungu akawaletea kware wengi kupita kiasi, na nyama ikiwa ingali katikati ya meno yao pigo likawajia, hata mahali pale pakaitwa makaburi ya tamaa. Basi kupewa si alama ya kibali sikuzote, wala kunyimwa si alama ya hasira. Baba mwema, kwa kawaida, hampi mtoto wembe hata akilia. Nasi tulio wazima twaweza kutazama nyuma, tukaona mambo kadhaa tuliyoyaomba kwa nguvu, ambayo leo twashukuru kwamba hatukuyapata.

Lakini hapa yatupasa kujihadhari, tusimalize hesabu upesi. Mama aombaye uhai wa mtoto wake haombi wembe, aomba mkate. Mkulima aombaye mvua wakati wa njaa aomba mkate hasa. Ole wake mwalimu amwambiaye mama aliyefiwa kwamba alikuwa ameomba jambo baya! Hapo maelezo yote mepesi hukoma. Na mahali maelezo yakomapo ndipo tumwonapo Bwana mwenyewe amepiga magoti.

Katika bustani ya Gethsemane, usiku wa kukamatwa kwake, Yesu alimwomba Baba yake kikombe kile kimwepuke. Aliomba mara tatu. Aliomba jambo jema, kwani uhai ni jambo jema. Aliomba kwa imani; kama yeye alikosa imani, ni nani aliye nayo? Wala hakupewa lile aliloomba. Kesho yake alitundikwa. Sala yake ilikuwa na sehemu mbili, nazo twaweza kusali zote mbili: kwanza alisema wazi alilolitaka, asilifiche wala kulipamba, kisha akayaweka mapenzi yake chini ya mapenzi ya Baba. Waraka kwa Waebrania, sura ya 5, wanena neno la ajabu juu ya sala zile na machozi yale: wasema kwamba alisikiwa. Alisikiwaje, naye alikufa? Alisikiwa siku ya tatu. Baba hakumpitisha kando ya kifo. Alimpitisha katikati ya kifo, akamtoa upande wa pili.

Waraka huo huo, katika sura ya 11, wataja watu wa imani kwa majina. Wako waliofunga vinywa vya simba, walioepuka makali ya upanga, na wanawake waliorudishiwa wafu wao wakiwa hai. Ndipo, pasipo kupumua, mwandishi aendelea na wengine: walioteswa, waliopigwa mawe, waliokatwa kwa misumeno, waliouawa kwa upanga ule ule ambao wenzao waliuepuka. Hakuwagawa mafungu mawili, wenye imani huku na wasio na imani huko. Wote amewaweka katika imani moja. Tena asema ya kuwa wote hao hawakuipata ile ahadi katika maisha yao. Ahadi ya Mungu, basi, haipimwi yote kabla ya kaburi. Mwenye kuipima ndani ya siku saba, au ndani ya miaka sabini, amefunga hesabu kabla ya siku ya malipo.

Wako waliosikia mambo haya wakasema, basi sala haina kazi, illa kutuliza moyo wa mwenye kusali. Sisi hatusemi hivyo. Minyororo ya Petro ilianguka kweli. Mfalme Hezekia aliugua ugonjwa wa kumwua, akaomba kwa machozi, akaongezewa miaka 15. Mwenye kusema kwamba Mungu hafanyi kitu hajaisoma Biblia, sawasawa na yule asemaye kwamba Mungu hufanya kila tutakalo. Twaomba kwa sababu Baba husikia na hutenda. Lakini kuchagua tendo ni kazi yake Baba.

Habari za kanisa la kale zatuonyesha jinsi Mungu anyimavyo jambo moja huku akitoa lililo kubwa kuliko hilo. Monika, mama yake Augustino, alikaa Afrika ya Kaskazini. Alimlilia mwanawe miaka mingi ili awe Mkristo. Mwaka 383 Augustino alitaka kwenda Roma kufundisha. Mama yake alichelea kwamba mbali na macho yake atapotea kabisa, akamfuata mpaka bandari ya Kartago. Augustino akamdanganya, akamwacha akisali usiku katika kanisa dogo la ukumbusho wa Shahidi Kipriano, akatweka tanga. Asubuhi mama aliona bahari tupu. Alikuwa ameomba jambo moja tu usiku ule, kwamba mwanawe asisafiri, na jambo lile akalikosa. Lakini safari ile ndiyo iliyomfikisha Augustino Milano, kwa Askofu Ambrosio, aliyembatiza usiku wa Pasaka mwaka 387. Baadaye, katika kitabu chake cha Maungamo, Augustino aliandika kwamba Mungu hakumpa mama yake alichokitaka usiku ule, ili ampe alichokitaka maisha yake yote. Monika aliyaona kwa macho, akafa mwaka ule ule huko Ostia.

Lakini si wote waonao kwa macho. Pwani yetu wenyewe yashuhudia. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Uingereza, alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka ule mkewe alijifungua binti, na homa ikawashika. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa hoi. Mkewe akafa, na baada ya siku chache mtoto naye akafa, wakazikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf ameandika kwamba mkewe, katika kufa kwake, aliwaombea jamaa zake, na misioni, na nchi ya Afrika ya Mashariki, na Sultani pia. Kisha yeye aliyebaki peke yake aliwaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba kaburi lile ni alama ya kwamba kazi imeanza. Je, tuseme alikosa imani, yeye aliyeandika vile akiwa angali na udongo wa kaburi miguuni? Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakaanza kazi Rabai. Kamusi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Alikutwa amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Miaka 37 baada ya sala ile isiyojibiwa kama alivyotaka, alikuwa angali akisali. Leo wako Wakristo wengi sana katika nchi ambayo Rosine aliiombea, na Rosine hakumwona hata mmoja wao.

Hatusemi kwamba jambo hili lilikuwa malipo ya mtoto yule. Mtoto hauzwi kwa kamusi, wala Mungu habadilishani roho za watu kama mfanya biashara. Twasema hili tu, kwamba kunyimwa kwao hakukuwa alama ya kuachwa.

Liko neno jingine ambalo hatuwezi kulipita, kwa kuwa kulipita kumewaua watu. Wako wadhanio kwamba kutumia dawa ni kupungukiwa na imani, wakamficha mgonjwa ndani na kumnyima hospitali, ili Mungu apate utukufu. Hezekia alipokwisha kuahidiwa kupona, nabii Isaya aliamuru waweke tini zilizopondwa juu ya jipu lake. Ahadi ilikwisha kutolewa, na dawa ikawekwa vile vile. Mtume Paulo, ambaye kwa mikono yake wengi waliponywa, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na rafiki yake Trofimo alimwacha Mileto akiwa hawezi. Siku za Krapf hakuna aliyejua homa ya malaria yatoka wapi. Mwaka 1897, huko India, Ronald Ross aliviona vijidudu vya malaria ndani ya mbu, na leo kila mtoto wa shule ajua kwamba mbu ndiye auenezaye ugonjwa ule. Basi mtu aliyepewa maarifa haya, kisha akakitupa chandarua na kuomba mtoto asiugue, hamtegemei Mungu, amjaribu. Chandarua, vidonge na mganga wa hospitali vyaweza kuwa ndiyo jibu lililosimama mlangoni likibisha, kama Petro, nasi tukiwa ndani twasali na kukataa kufungua.

Kadhalika wako wanaoigeuza sala kuwa bidhaa, wakadai fedha kwanza, wakiahidi uponyaji baadaye. Na mgonjwa asipopona, lawama ni ya imani yake, wala fedha hazirudi. Simoni mchawi wa Samaria alitaka kununua karama ya Mungu kwa fedha, na Petro alimkemea vikali. Kuiuza si afadhali kuliko kuinunua.

Basi, ndugu, tufanye nini? Tuombe. Tuombe wazi na kwa jina la jambo lenyewe: mvua, mtoto, kazi, afya. Tusiombe kwa maneno ya kuzungukazunguka, tukiogopa kunyimwa. Tufanye kwa mikono yetu yale ambayo mikono yaweza. Kisha tuliache jambo mikononi mwake Baba.

Na tukienda matangani, tuwakumbuke rafiki zake Ayubu. Siku saba waliketi naye chini, wasiseme neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makuu sana. Katika siku zile saba walikuwa rafiki wema. Walikosa walipofungua vinywa vyao, wakaanza kumtafutia Ayubu dhambi iliyomleta pale. Na mwisho wa kitabu Mungu alighadhibika, akasema hawakunena yaliyo kweli juu yake, wakahitaji kuombewa na yule yule waliyemshitaki. Kwa hiyo tukikosa la kusema, tusiseme. Tuteke maji, tupasue kuni, tuwapikie wafiwa, tuketi nao mkekani. Na mfiwa mwenyewe akituuliza kama imani yake ilipunguka, tumjibu pasipo kusitasita kwamba alimpeleka mtoto wake kwa Bwana, na Bwana hakuagiza apimwe.

Ahadi ni deni; mithali hii twaishika. Lakini mdai wa haki hudai kile alichoahidiwa, wala hadai kabla ya siku yake. Hatukuahidiwa kwamba hatutazika. Tumeahidiwa kwamba Baba hatatupa jiwe, na kwamba yeye aliyemtoa Mwanawe kaburini atawatoa na walio wetu. Katika deni hili sehemu imekwisha kulipwa, asubuhi ile ya Pasaka. Na iliyobaki iko kwa Mdeni ambaye hajapata kumtoroka mtu.